Kila Ndege Ana Kiti Chake: Kupiga Picha za Ndege kwa Lenzi ya Kuvuta, Kuanzia Uyole

Nyuma ya duka langu la mbegu na pembejeo hapa Uyole, Mbeya, kuna uzio wa seng'enge, na kwenye nguzo ya tatu kutoka kona hukaa mbwigu. Ni ndege mweusi kwa juu, mweupe kwa chini, mkia mrefu, mdomo umepinda nchani kama wa mwewe mdogo. Jike ana baka la hudhurungi ubavuni. Anashuka kwenye nyasi, anakamata panzi, anarudi palepale alipokuwa. Panzi wakizidi njaa yake, humchomeka mmoja kwenye mwiba wa seng'enge kama mwenye bucha anavyotundika nyama, kisha humrudia baadaye. Ukielekea Iringa na Njombe utawakuta wengi wenye nyusi nyeupe juu ya jicho, lakini tabia ni hiyohiyo.

Vijana wanaoingia dukani na kuona picha ukutani huniuliza, "Mama, mtu aanzie wapi?" Nawapitisha mlango wa nyuma nikawaonyesha nguzo ile.

Kila ndege ana kiti chake. Kuna tawi analolipenda, jiwe analosimama kabla ya kunywa maji, shina la ua analoliparamia kila asubuhi. Lenzi ya kuvuta haikupeleki kwa ndege. Inakupa hatua chache za nyongeza tu, na zilizobaki utazipata kwa kujua atatua wapi kabla hajatua.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu wengi hupoteza fedha hapa. Chukua ndege wa sentimita 15 na lenzi ya milimita 300 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga), aina ambayo wengi wetu tunayo. Akiwa mita 5 kutoka kwako, anajaza zaidi ya theluthi ya upana wa picha. Akiwa mita 10, anachukua kama moja ya tano. Akiwa mita 20, hafiki hata moja ya kumi, na ukimkuza kwenye simu unabaki na chengachenga. Aliyenunua lenzi ya milimita 600 kwa mamilioni amepata mara mbili. Aliyekaa kimya nusu saa juu ya kigoda mpaka ndege akaja mita 5 badala ya 20, amepata mara nne, tena bila kutoa shilingi.

Vifaa, na namna ya kutoibiwa

Natumia kamera ya Nikon ya sensa ndogo na lenzi ya 70–300, vyote vilikwishatumika nilipovinunua. Hiyo inatosha kwa miaka yako ya kwanza. Ukiwa nayo ya 100–400 au 150–600 utafurahi zaidi, ila jua kwamba zile za 150–600 zina uzito wa karibu kilo 2 au zaidi, na mkono ukichoka picha hutikisika. Zipo pia kamera ambazo lenzi haitoki, kama Nikon P900, inayovuta hadi kufikia kiwango cha milimita 2000. Jua likiwaka na ndege akatulia, inafanya kazi nzuri sana. Ndege akiruka, au ukiingia chini ya miti, inachelewa.

Lenzi yangu ya kwanza niliinunua kwa mtu aliyeileta dukani. Niliitazama kwa nje, ikang'aa, nikalipa. Picha zote zilitoka na utando mweupe kama ukungu wa Isyonje mwezi wa saba. Fundi alipoifungua alinionyesha kuvu iliyotambaa juu ya kioo cha ndani kama nyuzi za buibui. Fedha yangu ilikwenda hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kulipia lenzi yoyote iliyotumika, toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Ukiona nyuzi, madoa yenye matawi au wingu, mrudishie mwenye mali. Vumbi kidogo halina neno.

Kuvu hupenda unyevu na giza, na huku kwetu vyote vipo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Usiache kamera ndani ya begi la ngozi juu ya kabati. Mimi nahifadhi mbegu kwa riziki yangu, na kamera naihifadhi vilevile: kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya. Wauza viatu huvitupa, waombe. Usitumie mchele, una vumbi, na vumbi lake huingia kwenye maungio ya lenzi. Siku ya jua toa kamera, ivute lenzi, irudishe, iache ipigwe na mwanga kidogo.

Kifaa kingine nakusihi ukitengeneze leo. Kata mguu mmoja wa suruali ya jinsi iliyochakaa, kama sentimita 30. Shona upande mmoja, jaza maharage kilo mbili bila kukaza, shona wa pili. Huo ndio mto wa lenzi. Utaulaza juu ya dirisha la gari, juu ya nguzo, juu ya jiwe, juu ya kiti cha bodaboda iliyozimwa injini, nao utaikumbatia lenzi isitikisike. Stendi ya miguu mitatu ninayo, na siichukui mara nyingi. Kufungua miguu mitatu mbele ya ndege ni kumfukuza yeye na wenzake wote.

Kuhusu nguo: vaa rangi zilizopoa, kahawia au kijani kilichopauka. Lakini usivae mabakamabaka ya kijeshi hata kama yanauzwa kwenye mitumba. Raia haruhusiwi kuyavaa nchini kwetu, na ukiwa na lenzi ndefu mkononi utajibu maswali mengi.

Kuiweka kamera

Mpangilio wa kamera unajifunza kwa siku moja, ndege utamjifunza kwa miaka. Nitayasema yale tu ninayoyatumia.

Naweka kamera kwenye M, ninapochagua mwenyewe kasi na tundu, na kuiachia ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ijipange yenyewe, nikiipa mpaka wa 3200. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafumbua jicho, naichagua kwa mwendo wa ndege: 1/500 ya sekunde akiwa ametulia, 1/1000 akiwa anahangaika tawini, 1/2000 au zaidi akiruka. Hiyo 1/500 haikutoka hewani. Milimita 300 kwenye sensa ndogo ni sawa na 450 kwenye sensa kubwa, na kasi ikishuka chini ya moja juu ya 450, mtetemo wa mikono unaanza kuonekana. Ukiwa na mto wa maharage na lenzi yenye kizuia mtetemo unaweza kushuka hadi 1/125 kwa ndege asiyetikisika. Kwenye msitu wa njia ya kupandia Ziwa Ngozi, ambako hata saa sita mchana ni kama magharibi, sina ujanja mwingine.

Tundu la lenzi nafungua lote, kwangu ni f/5.6. Mwanga ukiwa tele nabana hadi f/8, picha inakuwa kali zaidi. Fahamu bei ya kufungua lote: kwa f/5.6, ndege akiwa mita 5, eneo linaloonekana kwa ukali ni kama sentimita 6 tu kwa jumla, mbele na nyuma. Ndege aliyekuelekea hawezi kuwa mkali kuanzia mdomo hadi mkia. Sasa chagua: jicho. Jicho likiwa kali, mtazamaji atasamehe mkia. Mkia ukiwa mkali na jicho limefifia, ifute picha hiyo.

Fokasi, yaani mahali kamera inapolenga ukali, naiweka kwenye nukta moja, na kwenye hali inayomfuata ndege anayesogea. Nikon huiita AF-C, Canon huiita AI Servo. Halafu naihamisha kazi ya fokasi kutoka kitufe cha kupigia kwenda kwenye kitufe cha nyuma cha kidole gumba. Wiki moja vidole vitakukatalia. Baada ya hapo utaweza kuishika fokasi kwenye nguzo tupu, ukaondoa gumba, ukasubiri, na ndege akitua hujapoteza muda wa kumtafuta.

Kuna suala la mwanga ambalo kamera haiwezi kuliamua peke yake. Ndege mweusi mbele ya mawingu meupe atatoka kivuli kitupu. Ongeza mwanga hatua moja au moja na nusu kwa kitufe cha kujumlisha na kutoa. Yangeyange mweupe mbele ya tope jeusi atatoka kama karatasi nyeupe tupu, ndio weupe ulioungua; punguza hatua moja. Mbwigu ni mtihani kamili, maana ana rangi zote mbili. Kwake mimi nalinda kifua cheupe. Weusi uliozama unaweza kuuinua kwenye kompyuta ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, lakini weupe ulioungua haurudi.

Wiki moja na ndege mmoja

Usiende hifadhini kwanza. Mtafute ndege mmoja wa jirani anayekaa mahali pa wazi, mbwigu au shore au hata kunguru, ukae naye siku saba.

Siku ya kwanza na ya pili iache kamera ndani. Andika saa anayofika, nguzo anayoanza nayo, anakoelekea baada ya kula. Mbwigu wangu hufika kama saa moja kasorobo asubuhi, jua likishagusa nguzo, kwa sababu panzi nao hawajitokezi kwenye baridi. Siku ya tatu weka kigoda hatua ishirini kutoka kwenye kiti chake, jua likiwa mgongoni kwako, ukae tu. Kila siku sogeza kigoda hatua tatu. Usimsogelee akiwa amekaa. Sogeza akiwa hayupo, akirudi akukute umeshakuwa sehemu ya uwanja.

Mtazame mwili. Ndege aliyeridhika amejivimbisha kidogo, manyoya yamelegea, anajichokonoa. Akianza kunyooka na kuwa mwembamba, manyoya yamebana, mkia unapandishwa na kushushwa, amekuona na hakupendi. Hapo simama ulipo, angalia pembeni, ngoja. Na ishara ambayo imenipa picha nyingi kuliko lenzi yoyote: ndege aliyekaa muda mrefu, akijisaidia kisha akainama mbele, anaondoka. Bonyeza hapohapo, na usiachie kidole.

Sasa angalia nyuma yake. Nguzo yangu ikitazamwa kutoka mlangoni, nyuma panaonekana bati la choo cha jirani. Nikihamia hatua mbili kushoto, nyuma panakuwa mahindi yaliyo mita 40 mbele, nayo kwenye picha yanayeyuka kuwa kijani laini. Ndege ni yuleyule na mwanga ni uleule. Kila mara kabla ya kukaa chini, piga picha ya kiti kitupu na uikague kwenye kioo. Ukiona waya, bati au tawi linalotokea kichwani, hama. Kisha shuka. Kaa chini mpaka lenzi ilingane na jicho la ndege. Picha iliyopigwa kutoka juu kwenda chini humfanya ndege aonekane kama kitu kilichoanguka.

Chozi na mwanga wake

Pembeni mwa uzio nimeyaacha makusudi yale magugu marefu yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga mafundo mafundo kwenye shina. Wakulima huyang'oa. Mimi nayamwagilia, kwa ajili ya chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua. Mgrivea ukichanua ni hivyohivyo, chozi hawaondoki.

Chozi haelei hewani muda mrefu kama watu wanavyodhani. Hushika shina kwa miguu, akaingiza mdomo uliopinda kwenye ua moja baada ya jingine, akizunguka fundo. Akimaliza fundo hupanda la juu yake. Kwa hiyo usimkimbize kwa lenzi. Chagua fundo moja lililo juu, lenye nafasi wazi nyuma, weka fokasi hapo, mngojee. Atafika.

Nataka uelewe rangi yake. Ule ujani wa dume la chozi wa milimani, unaong'aa kama bati jipya lililopakwa kijani, hautokani na rangi iliyo ndani ya unyoya. Ni umbo la unyoya wenyewe linalocheza na mwanga. Akigeuka kidogo, anakuwa mweusi tii. Nilikaa asubuhi nzima nikipiga chozi mweusi kabla sijalitambua hilo. Jua lazima liwe nyuma yako, chini, saa moja hadi saa tatu, na umpige anapokugeuzia kifua au bega. Piga nyingi mfululizo, kumi kwa mara moja, maana kati ya hizo kumi ni mbili tu zitakazokuwa na moto ule. Majike ni kahawia ya kupoa, na watu huwapuuza. Mimi nawapenda, maana kwao mwanga wa mawingu hukubali na unaweza kupiga siku nzima.

Usangu: upepo, joto na wenye mashamba

Ukishamzoea ndege wa nyumbani, teremka bonde la Usangu. Panda Coaster hadi Igawa au Rujewa, ulale gesti, kesho yake uwe kwenye mifereji ya mpunga kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Utakuta yangeyange kwa mamia, korongo wa aina nyingi, keremkerem kwenye nyaya, na mpunga ukianza kukomaa utakuta kwelea kwelea.

Pale nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni mazigazi. Ikifika saa tatu au saa nne, ardhi tambarare inapata moto na hewa inaanza kuchezacheza juu yake. Kwa macho huoni sana, ila lenzi ya kuvuta inaikusanya hewa yote hiyo iliyo kati yako na ndege. Utadhani lenzi imeharibika, au fokasi imekataa. Hakuna marekebisho ya kamera yatakayokusaidia. Sogea karibu, au funga kamera ukanywe chai, urudi saa kumi na nusu.

La pili ni upepo. Ndege hutua na kuruka akiukabili upepo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wetu huvuma zaidi kutoka upande wa kusini mashariki, na asubuhi jua liko mashariki. Ukisimama ukilipa jua mgongo, upepo nao unakupiga kisogoni, na kila ndege anayekuja kutua mbele yako anakuja akikutazama, usoni kumejaa mwanga. Jioni mambo yanageuka: ukilipa jua mgongo, upepo unakupiga usoni, na ndege wanatua wakikuonyesha mkia. Ndiyo sababu Usangu mimi ni mtu wa asubuhi.

Korongo taji wakitokea, usiwafuate. Ni ndege mwenye mapambo ya dhahabu kichwani, na tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kaa kwenye tuta, wape mita mia moja, wakicheza ngoma yao utaona jinsi picha ya ndege wadogo kwenye uwanja mpana inavyoweza kuwa nzuri kuliko ya uso peke yake.

Sasa kuhusu watu. Mwaka 2021 nilizungukwa shambani na wanaume kama kumi na vijana waliokuwa wakiamia ndege. Walikuwa na hasira. Waliona lenzi, wakaamini nimetumwa kupima mashamba yao yachukuliwe. Sikuwalaumu, na siwalaumu leo. Ardhi ndiyo maisha yao, nami niliingia bila hodi. Nilikaa chini kwenye tuta, nikawaonyesha picha moja moja kwenye kioo mpaka mzee mmoja akacheka alipomwona yangeyange na chura mdomoni. Tangu siku hiyo sianzi kazi kabla ya kupita ofisi ya kijiji. Namwamkia mwenyekiti, naeleza shida yangu, namwonyesha picha, naomba kijana wa kijiji anisindikize na namlipa. Kijana huyo anajua maji yalipo wiki hii, jambo ambalo ramani yoyote haikuambii. Na popote penye kambi ya jeshi, daraja kubwa, reli au uwanja wa ndege, lenzi inabaki begini hata kama mwewe amekaa kwenye kibao.

Msindikizaji usimlipe kwa ajili ya viota. Nilimlipa mvulana mmoja wa manati kule Rungwe anionyeshe kiota, na juma lililofuata alinisubiri njiani na viota vitatu mkononi, vimeng'olewa na mayai yake. Lilikuwa kosa langu. Sasa nalipa kwa mti wenye matunda, kwa dimbwi, kwa nguzo. Sipigi picha penye kiota chenye mayai au makinda, sikati tawi linaloniziba, na siwachezei ndege sauti za wenzao kwenye simu. Dume anayesikia mpinzani asiyeonekana huacha kula, akazunguka akitafuta vita ambayo haipo.

Kitulo na mbayuwayu wa bluu

Kutoka Uyole unapanda njia ya Tukuyu hadi Isyonje, unakata kushoto kupitia Kikondo. Wanaotokea Chimala hupanda kona za Hamsini na Saba hadi Matamba. Huko juu ni kama mita 2,600, nyasi tupu na maua. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu, na pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Watu hufuata maua kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne. Mimi nafuata mbayuwayu wa bluu, ambaye huja kuzaliana majira hayohayo kisha huhamia kaskazini, upande wa Ziwa Victoria.

Ni bluu yenye kina, inayometa, na dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Hutaga kwenye mashimo ardhini, hata yale yaliyochimbwa na muhanga. Kwa hiyo ukiwa Kitulo usizungukezunguke kwenye nyasi kutafuta picha; baki barabarani na kwenye njia zilizoruhusiwa.

Huyu hana tawi. Kiti chake ni njia ya hewani. Anapita chini juu ya nyasi, anafika ukingo wa bonde, anageuka, anarudi kwa mstari uleule. Mhesabie mizunguko kumi bila kuinua kamera. Kisha chagua sehemu anapogeukia, maana pale mwendo hupungua. Weka fokasi kwenye kichaka cha nyasi kilicho umbali huohuo, shata 1/3200, usivute lenzi hadi mwisho. Anza na milimita 200 ili umpate ndani ya fremu. Ilinichukua safari tatu na picha kama mia sita kupata moja ambayo nyuzi za mkia zinaonekana zote mbili. Nimeikuza, iko juu ya kaunta.

Baridi ya Kitulo hula betri. Beba mbili, ile ya akiba ikae kifuani chini ya sweta. Na ukitoka nje yenye baridi kuingia ndani ya gari au chumba chenye jiko, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuingia, uiache humo hadi ipate joto la chumba. Ukiifungua mapema, lenzi yote hulowa kwa ndani na nje, na ndipo ile kuvu inapoanzia.

Ukirudi nyumbani

Usiku uleule hamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda sehemu mbili. Yaandikie mafaili tarehe, mahali na ndege: 2024-01-14 Kikondo mbayuwayu. Futa bila huruma zile ambazo jicho si kali. Kwenye kompyuta mimi nanyoosha upeo wa macho, nakata kidogo, nainua vivuli, basi. Simwongezei ndege rangi ambayo hakuzaliwa nayo.

Halafu chapisha. Picha ya inchi nne kwa sita haigharimu sana, na iliyobandikwa ukutani inafanya kazi ambayo ya kwenye simu haiwezi. Wiki iliyopita mzee mmoja wa upande wa Igurusi alikuja kununua mbegu za vitunguu. Nilimwamkia, akaitikia, ila macho yake yalikuwa kwenye picha ya korongo taji.

"Hawa wapo kwetu," akasema. "Kila asubuhi, kwenye dimbwi lililobaki."

"Wanatua upande gani wa maji, mzee wangu?"

Akasogeza pakiti za mbegu pembeni, akachora kwa kidole kwenye vumbi la kaunta: hapa maji, hapa matete, hapa ng'ombe wanaponyweshwa. Akaweka kidole kwenye ncha ya matete, upande wa magharibi.

"Hapa."